Tathmini: utaratibu wa mahudhurio katika vyuo vya jamii vya California

Anayejiandikisha chuo cha jamii California (chuo cha umma cha miaka miwili) huvutwa kwanza na ada: dola 46 kwa yuniti, yaani kipimo cha ukubwa wa somo, kwa mkazi wa jimbo, yaani dola 138 kwa somo la yuniti tatu. Mlango wa kuingia ni mpana. Mlango wa kutoka pia ni mpana, na wengi hutokea hapo bila kujua, kwa sababu ya mahudhurio.

Jimbo lina vyuo vya jamii 116 chini ya wilaya 73 za vyuo. Kanuni za msingi zinatoka jimboni, wilaya inaongeza zake, na mwalimu anaongeza za darasa lake ndani ya silabasi. Tathmini hii inautazama utaratibu huo mzima kwa jicho la mwanafunzi: kanuni, kifaa cha kuhesabia, na ofisi zinazochukua hatua mtu akikosa kipindi. Hukumu yetu ni kwamba kanuni ni za haki, zimeandikwa, na zinamsikiliza mwenye sababu. Ubovu uko kwenye mawasiliano. Kukosa darasa kuna matokeo katika ofisi tatu au nne tofauti, na kile kinachoonekana kwenye simu ya mwanafunzi hakigusi hata moja ya hizo.

Mtu aliyesoma Afrika Mashariki huja na hesabu ya asilimia 75 kichwani. Vyuo vingi vya kwetu vinadai robo tatu ya vipindi ndipo uruhusiwe kuketi mtihani, na chini ya hapo jina halimo. California hakuna anayekuzuia mlangoni pa mtihani. Badala yake mwalimu ana uwezo wa kukufuta katika somo muhula ukiwa unaendelea, na kipimo chake ni kikali zaidi. Chukua somo la yuniti tatu linalokutana Jumanne na Alhamisi, saa moja na dakika 25 kila kipindi, kwa wiki 16. Hivyo ni vipindi 32 hivi. Kwa hesabu ya asilimia 75 ungekosa vinane na ukabaki salama. Kuna vyuo vinavyotaja saa za wiki mbili, hapo kikomo ni vipindi vinne. Vingine vinataja asilimia 10 ya saa zote, hapo ni vitatu. Vingine vinataja saa za wiki moja, hapo ni viwili. Kipimo cha chuo chako kimo kwenye katalogi ya chuo, na silabasi inaweza kukifafanua zaidi, kwa hiyo soma vyote viwili kabla ya kipindi cha pili.

Shika pia neno "anaweza". Mwalimu anaweza kukufuta. Mara nyingi halazimiki. Anayeacha kwenda darasani akidhani jina lake litaondoka lenyewe hukuta mwisho wa muhula ana F, au FW katika vyuo vinavyoitumia, ambayo ni F ya mtu aliyeacha kushiriki baada ya tarehe ya kujitoa kupita. Kama umeamua kuacha somo, ingia kwenye akaunti yako ya usajili ulifute mwenyewe, kisha hifadhi picha ya ukurasa unaoonyesha tarehe.

Wiki tatu za mwanzo

Hapa ndipo mfumo una makali kuliko pengine popote, na ndipo wageni wanapojeruhiwa, kwa kuwa kwetu wiki ya kwanza huwa ya kuzoea mazingira na kutafuta ratiba.

Kipindi cha kwanza ni ghali kuliko vingine vyote. Somo likijaa, huwa na orodha ya kusubiri, na walio kwenye orodha hiyo wanafika siku ya kwanza wakiwa na madaftari. Mwalimu anaita majina. Asiyeitika anaweza kufutwa siku hiyohiyo, na nafasi yake anapewa aliyesubiri kwa namba ya ruhusa, ambayo huitumia kujisajili na ina tarehe ya kuisha. Kukata rufaa hapo ni kazi ngumu, maana kiti kimeshakaliwa na hakuna aliyekosea.

Ukijua hutafika, kwa mfano ndege inatua siku inayofuata au una miadi ya uhamiaji, andika barua pepe kabla ya kipindi, si baada yake. Iwe fupi: jina lako kama lilivyo kwenye usajili, namba yako ya mwanafunzi, namba ya somo pamoja na namba ya kundi lako, tarehe utakayokosa, sababu kwa sentensi moja, tarehe utakayofika, na ombi kwamba usifutwe. Tumia anwani ya chuo. Ya binafsi inaweza kuishia kwenye taka, tena mwalimu hana njia ya kuhakikisha kwamba ni wewe. Salamu ndefu za kuulizia hali ya familia, ambazo kwetu ni adabu, zinaificha hoja, ziache.

Kwa somo la mtandaoni lisilo na saa maalumu, kipindi cha kwanza ni kazi ya kwanza: kujitambulisha kwenye mjadala, au jaribio fupi kuhusu silabasi. Kuingia tu kwenye ukurasa wa somo hakuhesabiwi. Kanuni ya serikali kuu, inayotumika tangu Julai 2021, inataja kinachohesabiwa: kuhudhuria kipindi cha moja kwa moja, kuwasilisha kazi, kufanya jaribio, kushiriki mjadala wa kitaaluma, au kuwasiliana na mwalimu kuhusu somo lenyewe. Kuzungumza na mshauri wa masomo hakumo. Mtu aliyefungua ukurasa kila siku kwa wiki nzima bila kuandika chochote anahesabiwa kuwa hajafika.

Kisha inakuja siku ya sensa. Jimbo hutumia hesabu ya wanafunzi waliopo siku hiyo katika kulipa vyuo, hivyo kabla yake mwalimu anatakiwa kusafisha orodha: awaondoe wasiofika na walioacha kushiriki. Hapa neno si "anaweza" tena. Sensa ni siku iliyo karibu zaidi na moja ya tano (asilimia 20) ya muda wa somo. Katika muhula wa kawaida huangukia wiki ya tatu au ya nne. Somo la kiangazi lenye vipindi 24 lina sensa siku ya tano tu, na hapo ndipo masomo ya muda mfupi yanapowatega watu: kukosa vipindi viwili katika wiki ya kwanza ya somo la wiki sita ni sawa na kukosa wiki nzima na zaidi ya somo la muhula mzima.

Tarehe nyingine mbili zinatembea karibu na sensa bila kuwa kitu kimoja nayo. Kurudishiwa ada kunaishia mwisho wa wiki ya pili ya muhula, au asilimia 10 ya muda kwa masomo mafupi. Kujitoa bila alama ya W (yaani alijitoa) kwenye rekodi kuna mwisho wake, ambao kwa kanuni ya jimbo hauwezi kuzidi wiki ya nne au asilimia 30 ya muda, chochote kinachotangulia, na wilaya nyingi huuweka mapema zaidi. Baada ya hapo unapata W, hadi asilimia 75 ya muda kwa upeo wake. Baadaye ni alama ya kweli tu. W haigusi wastani wako, lakini inahesabika kama jaribio, na kwa masomo mengi una majaribio matatu tu katika wilaya.

Roll Call: kifaa chenyewe

Vyuo hivi karibu vyote vinatumia Canvas, mfumo wa masomo wa mtandaoni, na ndani yake mna kifaa cha mahudhurio kiitwacho Roll Call. Kwa mwalimu ni chepesi kweli. Orodha ya majina inafunguka, anagusa mara moja jina linakuwa kijani, yaani yupo. Mara ya pili jekundu, hayupo. Mara ya tatu amechelewa. Kuna pia kitufe cha kuwaweka wote kuwa wapo kwa mpigo mmoja, na mpangilio wa viti kwa darasa lenye nafasi maalumu.

Udhaifu wa kwanza uko kwenye kuchelewa. Kifaa kinahesabu aliyechelewa kuwa na asilimia 80 ya kipindi, isipokuwa mwalimu abadilishe. Silabasi nyingi zinasema kuchelewa mara tatu ni sawa na kukosa kipindi kimoja. Hesabu hizo mbili hazikutani: kwa Roll Call, kuchelewa mara tatu kunakupunguzia asilimia 60 tu ya kipindi. Mwalimu anayetaka kifaa kifuate silabasi yake anapaswa kuiweka asilimia ya kuchelewa kuwa 67. Wengi hawaigusi, hivyo kinachoonekana kwenye ukurasa wako wa alama ni cha upole kuliko kitakachotumika mwishoni. Mfano: umekuwepo vipindi 28, umechelewa 2, umekosa 2. Canvas itaandika 92.5. Iwapo silabasi inaruhusu kukosa viwili tu, hapo uko ukingoni, na hiyo 92.5 haikuambii.

Udhaifu wa pili ni kwamba hakuna rangi ya "ana ruhusa". Mwalimu aliyekubali cheti cha daktari anaweza kuliacha jina lako bila alama siku hiyo, na kipindi hicho kisihesabike kabisa, au akuwekee lebo, ambayo haibadilishi asilimia. Akisahau, jekundu linabaki. Kwa hiyo baada ya kukubaliwa udhuru, fungua alama zako wiki hiyohiyo, ingia kwenye mstari wa mahudhurio, utazame tarehe moja moja.

Udhaifu wa tatu unawatia watu hofu bila sababu. Kifaa kinagawanya kwa vipindi vilivyokwisha kuitwa tu. Ukikosa kimoja kati ya viwili vya kwanza, unaona 50. Namba hiyo itapanda yenyewe. Tena si lazima iingie katika alama ya somo, maana mwalimu anaweza kuweka isihesabike, na wengi hufanya hivyo kwa sababu kanuni za jimbo zinataka alama itokane na ustadi uliouonyesha katika somo. Ndiyo maana utaona pointi za kazi ndogo zinazofanywa na kukusanywa darasani. Hizo ndizo mahudhurio yenye meno: asiyekuwepo hakufanya, na mara nyingi hazirudiwi.

Lakini kasoro tunayoiona kubwa kuliko zote ni kwamba Roll Call ni daftari la mwalimu, si rekodi ya chuo. Orodha ya sensa, kufutwa kwako na tarehe ya mwisho ya kushiriki mwalimu anaviandika kwenye mfumo wa usajili, mahali pengine kabisa. Mtu anaweza kuwa kijani kwenye Canvas na asiwe kwenye orodha rasmi. Jambo hilo huwapata wale waliopewa namba ya ruhusa wakasahau kuitumia: wanahudhuria, wanafanya kazi, na kumbe hawajasajiliwa. Hakikisha somo liko kwenye ratiba yako rasmi siku ya sensa.

Kuchelewa

Kwetu mwanafunzi aliyechelewa hubisha hodi, husimama mlangoni, huomba ruhusa na kueleza sababu. Huko ingia kimya, kaa kiti cha karibu na mlango, toa daftari. Kusimama na kuomba radhi mbele ya darasa kunakata somo, na walimu wengi hawakupendi. Maelezo yafuate baada ya kipindi.

Na usiondoke bila kuonana na mwalimu, kwa sababu huenda majina yaliitwa kabla hujaingia na jina lako limebaki jekundu. Sentensi moja inatosha: nilifika saa fulani, naomba nibadilishwe kutoka kukosa kwenda kuchelewa. Wiki moja baadaye hakuna atakayekumbuka. Kutoka mapema kunahesabiwa sawa na kuchelewa katika silabasi nyingi, na kufika baada ya dakika 10 au 15 katika baadhi ni sawa na kutofika.

Chanzo cha kuchelewa kwa wengi wetu ni ratiba yenyewe. Anayehudumia wazee kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi hawezi kukitegemea kipindi cha saa mbili asubuhi, kwa sababu makabidhiano yakichelewa dakika 20 kila kitu kinaporomoka. Chagua kundi linaloanza saa tatu na nusu au baadaye. Wenye gari waongeze nusu saa wiki mbili za mwanzo, maana maegesho hujaa kabla watu hawajaanza kuacha masomo.

Fedha

Ruzuku ya Pell ya serikali kuu, ambayo ni msaada wa masomo kwa wenye kipato kidogo, kwa upeo wake, ilikuwa dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25 na vilevile 2025–26. Kwa muhula mmoja ni karibu 3,698. Fedha hii imefungwa kwenye mahudhurio kwa njia mbili. Somo ambalo hukulianza kabisa linaondolewa katika hesabu, na ruzuku inapunguzwa. Na ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula, unakuwa umestahili sehemu tu ya fedha, sawa na siku ulizokaa. Katika muhula wa wiki 16 asilimia 60 iko wiki ya 10.

Tuseme umepokea 3,698 na ukaacha yote ulipofika asilimia 30. Umestahili dola 1,109. Zilizobaki, kama 2,589, hukustahili. Chuo hurudisha sehemu inayolingana na ada kilizokutoza, na kwa mwanafunzi aliyesamehewa ada sehemu hiyo huwa ndogo sana au haipo. Mzigo unakuja kwako, ila kanuni inakulinda kwa nusu ya ruzuku: 2,589 ukitoa 1,849 ni dola 740. Hizo unadaiwa. Una siku 45 tangu ujulishwe kuzilipa au kufanya mpango wa kulipa, la sivyo unakosa misaada ya serikali kuu popote utakapokwenda kusoma.

Ukiondoka kimyakimya na kupata F zote, chuo kisichokuwa na tarehe ya mwisho ya kushiriki kinaweza kukuhesabu kuwa uliondoka nusu ya muhula. Iwapo ulifanya jaribio wiki ya 11, uthibitisho wake una thamani ya fedha taslimu. Tunza kazi zilizosahihishwa hadi muhula unaofuata uanze.

Juu ya hayo, ili uendelee kupata misaada ya fedha, kuna kipimo cha maendeleo: kwa kawaida wastani wa 2.0 na kukamilisha asilimia 67 ya yuniti ulizojaribu. W inahesabika kama yuniti uliyojaribu usiyoikamilisha. Ukichukua yuniti 12 na kujitoa katika 6, umekamilisha nusu.

Wenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni)

Yuniti 12 kwa muhula ndizo kiwango cha chini, na katika hizo ni 3 tu za mtandaoni zinazohesabika. Mwalimu akikufuta ukabaki na 9, tatizo si la somo tena, ni la hadhi yako nchini. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa lazima iidhinishe kupungua huko kabla hakujatokea. Inaweza kuidhinisha kwa ugonjwa, ukiwa na barua ya daktari, au kwa ugumu wa mwanzo wa lugha na namna ya ufundishaji, mradi ubaki na yuniti 6. Kwa hiyo ukipata onyo la mahudhurio, ofisi hiyo ndiyo ya kwanza kwenda, siku hiyohiyo. Na mwenye F-1 asijiandikishe yuniti 12 kamili bila akiba; 13 au 15 zinampa nafasi ya kupumua.

Kozi za saa

Mafunzo ya msaidizi wa muuguzi, ambayo wengi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo huanza nayo, yana kanuni yake. California inadai saa 160: 60 za darasani na 100 za wodini. Saa hizo lazima zitimie, kwa hiyo saa uliyokosa inafidiwa saa kwa saa au cheti hakipatikani, na nafasi za kufidia wodini ni chache kwa sababu mkufunzi na kituo vimepangwa mapema. Anayefika kituoni amechelewa aghalabu hurudishwa nyumbani na siku nzima inapotea. Usianze kozi hii kama una safari yoyote ndani ya muda wake.

Sababu zinazokubalika

Mjamzito na aliyejifungua wana ulinzi wa sheria ya serikali kuu: ruhusa kwa muda ambao daktari anaona unahitajika, na kurudi katika nafasi waliyokuwa nayo. Mwenye maradhi ya kudumu au ulemavu aende ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu mwanzo wa muhula. Barua yake haifanyi kazi kwa siku zilizopita, na hilo limewagharimu watu wengi waliosubiri hadi hali ilipokuwa mbaya.

Kuhusu Idi, sheria ya elimu ya jimbo inamtaka mwanafunzi aruhusiwe kufanya mtihani wakati mwingine bila adhabu pale tarehe inapogongana na imani yake, isipokuwa iwe ni mzigo uliopitiliza kwa chuo. Kwa kuwa mwezi huandama, andika mapema ukitaja siku mbili zinazowezekana, kisha uthibitishe usiku wa kuamkia. Mwalimu asiyejua habari ya kuandama kwa mwezi huona ombi la dakika za mwisho kama kisingizio, kumbe ukimweleza wiki mbili kabla anaelewa.

Na kama ajali, ugonjwa mzito au msiba umekutoa kabisa masomoni, omba EW, yaani kujitoa kwa udhuru, badala ya kuacha W ikae. EW haihesabiki katika yale majaribio matatu wala katika kipimo cha jimbo cha maendeleo. Inahitaji ushahidi wenye tarehe: barua ya hospitali, ripoti ya polisi, cheti cha kifo, barua ya mwajiri aliyekubadilishia zamu. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa ipeleke pamoja na tafsiri yake. Ofisi ya misaada ya fedha hata hivyo inaendelea kuihesabu EW kama yuniti zilizojaribiwa, kwa hiyo ombi la kuirudisha misaada linaandikwa tofauti, kwa fomu nyingine, na nakala za hati zilezile.